KUTOKA -WA HADI -ANA: LUGHA YA KUGEUKA MTU MPYA KATIKA KISWAHILI CHA KIVU

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo wanaisimu wa Kiswahili wamelipa nafasi ndogo katika maandishi yao, nalo ni jinsi lugha hii inavyoeleza kugeuka kwa mtu kwa njia ya sherehe ya kiroho, na kwa njia ya mazoea yanayoifuata sherehe hiyo. Mashariki na kusini-mashariki ya Kongo jambo hili lina historia ndefu. Katika muda usiozidi karne moja watu wa pande hizo wamepokea ubatizo wa Kitawala, wameingia Jamaa, na wameokoka katika Uamsho. Kabla ya hayo yote walikuwapo waliobandwa katika ibada ya Ryangombe, iliyojulikana sana Rwanda na kwa majirani zake wa Bwisha. Kila mojawapo ya njia hizo ilimwahidi mtu kwamba ataingia akiwa hivi na kutoka akiwa vingine.

Mahali kama Karuba, katika milima ya Masisi iliyo magharibi ya mji wa Goma, masimulizi ya kugeuka huko husikika zaidi katika utanzu unaoitwa ushuhuda. Msimulizi husimama mbele ya wenzake, akaeleza alivyokuwa, yaliyompata, na anavyoishi sasa. Nyumbani kwake pengine husemwa Kihunde au Kinyarwanda. Lakini panapokutana watu wa makabila mbalimbali, ushuhuda hutolewa kwa Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili ndicho chombo ambacho kwacho mtu hujieleza upya mbele ya jirani asiye wa ukoo wake. Hilo peke yake lingetosha kutufanya tuuchunguze utanzu huu kwa makini.

Hoja yetu ni hii. Watafiti wengi wa dini na harakati za Kongo wameitazama sherehe kuliko mazoea, na tukio kuliko mwendo. Lugha ya wahusika wenyewe haikubaliani na mkazo huo. Ukivifuata vitenzi vyao, utaona vinaanza katika kauli ya kutendwa na kuelekea kauli ya kutendana. Tutajaribu kuonyesha safari hiyo, kisha tutaitolea pingamizi, kwa sababu hoja isiyopingwa haijulikani uzito wake.

2. Kizingiti na nyumba

Msingi wa nadharia uliotumiwa na wengi ni ule uliowekwa na Arnold van Gennep mwaka 1909, alipozigawa sherehe za kuvuka hali katika hatua tatu: kutengwa, kukaa katikati, na kurudishwa. Mwaka 1969 Victor Turner, aliyefanya utafiti kwa Wandembu wa Zambia ya leo, aliikuza hatua ya katikati. Akaonyesha kwamba pale kizingitini mtu hana cheo wala jina, na kwamba kutokana na hali hiyo huzaliwa udugu wa namna ya pekee. Nadharia hii imesaidia sana, wala hatuna nia ya kuibeza. Hata hivyo ina upungufu ambao hudhihirika mara inapotumiwa kwa harakati ambazo watu hubaki ndani yake kwa miaka mingi. Inatueleza habari za kizingiti, lakini nyumba yenyewe haituelezi. Aliyevuka kizingiti bado hajalala humo, hajapika, hajagombana na mwenzake wala kusuluhishwa naye.

Mfano wa karibu ni habari za Kitawala katika Masisi. Mwaka 1974 M. Lovens alichapisha uchunguzi juu ya uasi wa Masisi na Lubutu, akiuweka kati ya Januari na Mei 1944. Ni kazi yenye thamani, kwa kuwa iliokoa habari za Bushiri na wafuasi wake zisipotee. Hao ni watu waliosimama dhidi ya utawala wa Kibelgiji wakati kazi za shurti za Vita Kuu ya Pili zilipokuwa zimewaelemea wanavijiji, na ambao walizimwa kwa nguvu za jeshi. Lakini angalia jinsi mipaka ya tarehe inavyoamua mambo kabla mwandishi hajaandika neno. Jambo likianza Januari na kwisha Mei, basi ni tukio, na ubatizo uliolitangulia huonekana kama kiapo cha kuingilia vitani. Aliyebatizwa na kuendelea kusali, kuponya wagonjwa na kufundisha watoto wake baada ya Mei 1944 hana mahali pa kukaa katika masimulizi ya namna hiyo. Naye alikuwapo. Kitabu cha Nicole Eggers kilichotoka mwaka 2023 kinaifuata historia ya Kitawala kwa muda mrefu zaidi, na humo inaonekana wazi kwamba harakati hiyo haikuzikwa pamoja na uasi. Iliendelea magerezani, katika kambi za waliohamishwa kwa nguvu, na vijijini.

Jina lenyewe lingewaonya watafiti. Kitawala limetokana na neno la Kiingereza la mnara wa mlinzi, lililopokewa na kuvishwa kiambishi cha ngeli ya ki-, ile ile inayotaja lugha na desturi: Kihunde, Kizungu, kikristo. Kisha masikio ya Kiswahili yakasikia ndani yake kitenzi kutawala. Wakoloni walikitilia maanani hicho kitenzi, wakaogopa. Lakini ki- nayo ina ujumbe wake: inataja namna ya kuishi inayojifunzwa na kuzoelewa, kama mtu anavyojifunza lugha.

3. Vitenzi vya sherehe

Tutazame sasa vitenzi vinavyotaja sherehe yenyewe. Mtu hubatizwa, huzamishwa, huwekewa mikono, huzaliwa mara ya pili. Katika Kinyarwanda hubandwa, yaani hushikwa na roho. Pwani ya Kenya na Tanzania, katika kilinge cha mganga, husemwa kwamba amepandwa na pepo au amepagawa. Kenya ya kati katika miaka ya 1950 watu walilishwa kiapo. Dini hizi hazifanani, na nyingine zilipigana vikali: wapo waumini wa Uamsho wa Kenya waliouawa kwa kukataa kiapo hicho. Hata hivyo kisarufi vitenzi vyao karibu vyote vinaelekea upande mmoja. Mhusika mkuu wa sentensi ndiye anayetendwa. Mtenda ni mwingine, naye ama hutajwa kwa na, ama huachwa bila kutajwa.

Kitenzi kimoja kinahitaji maelezo ya pekee, nacho ni kuokoka. Uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, kwa juhudi za watu kama daktari Joe Church na Waganda Simeoni Nsibambi na Blasio Kigozi, uliwapa wafuasi wake jina la abalokole, yaani waliookoka. Kiswahili kina kuokolewa na kuokoka, wala havilingani. Kuokolewa kunamkubali mtenda: ameokolewa na fulani. Kuokoka, katika kauli ya kutendeka, hakumkubali. Kunataja hali ambayo mtu amefikia, kama vile kuvunjika kwa mtungi au kufunguka kwa mlango. Ajabu ni kwamba watu wanaokiri kuwa hawakujiokoa wenyewe wamechagua kitenzi kisichomtaja mwokozi. Maelezo yetu ni kwamba kuokolewa kunatazama nyuma, kwenye siku ile, na kuokoka kunatazama hali inayodumu. Ndiyo maana msimulizi husema "niliokoka mwaka fulani" anapotaja tarehe, lakini akiulizwa yeye ni nani leo husema "nimeokoka". Kiambishi -li- kinafunga mlango wa wakati. -Me- kinauacha wazi, kwa kuwa matokeo yake bado yapo.

Hatari ya kubaki katika kauli ya kutendwa ilionekana mapema. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, alizunguka Rhodesia ya Kaskazini na kuvuka hadi Katanga akibatiza kwa kuzamisha watu majini. Asiyezama sawasawa alihesabiwa kuwa mchawi, na wengi waliuawa kwa sababu hiyo. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe alinyongwa na serikali ya Kiingereza. Hapa sherehe ilifanya kazi yote kwa dakika chache: ilitenga wema na wabaya, haikuacha nafasi ya mtu kujaribiwa na maisha, wala kwa jirani kumjua mwenzake kwa matendo. Waswahili husema muungwana ni kitendo. Penye hukumu ya maji, kitendo hakikungojwa.

4. Vitenzi vya mazoea

Tukitoka kwenye siku ya sherehe na kuingia katika siku zinazofuata, vitenzi vinabadilika. Mtu hushika, hudumu, hutembea nuruni, hutubu, huungama, husamehe. Mhusika aliyekuwa akitendwa sasa anatenda. Na mara, pasipo kutangazwa, inaingia kauli ya tatu: watu husameheana, huombeana, hupatana, hutembeleana. Katika mikutano ya Uamsho, toba ya faraghani haikuonekana kuwa imetosha. Aliyemkosea mwenzake alitakiwa aungame mbele ya ndugu, na aliyeibiwa arudishiwe mali yake. Mabadiliko yaliyotajwa kwa -ka ya kuokoka yalithibitishwa kwa -ana ya kupatana.

Jamaa ya Katanga inatupa ushahidi ulio wazi zaidi, kwa sababu ni harakati iliyojengwa juu ya maneno ya Kiswahili. Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933 na kuchapisha kitabu chake maarufu juu ya falsafa ya Wabantu mwaka 1945, aliianzisha pamoja na wafanyakazi wa migodi na wake zao huko Kolwezi kuanzia mwaka 1953. Mafundisho yake yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Mume na mke waliingia pamoja, wakiongozwa na jozi nyingine ambayo waliita baba na mama, wakapita njia moja baada ya nyingine. Aliyezaliwa hivyo alitarajiwa naye azae watoto wa kiroho. Tazama mfululizo wenyewe: kuzaliwa, kisha kuzaa, kisha kupendana. Kutendwa, kutenda, kutendana. Hatudhani kwamba Tempels au wafanyakazi wa Kolwezi walikaa na kitabu cha sarufi ili wapange jambo hili. Walikuwa wakisema Kiswahili, na Kiswahili kiliwapa ngazi iliyokuwa tayari imechongwa.

Johannes Fabian, aliyefanya utafiti wake huko katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu mwaka 1971, anastahili sifa kwa kuyachukua mafundisho hayo kama matini ya Kiswahili yenye utanzu wake na msamiati wake. Hili halikufanywa na wengi kabla yake. Mwaka 1979 alirudia suala hilo katika makala yenye fikira kali zaidi, akaonyesha jinsi maneno yaliyokuwa ya ukombozi yanavyoweza kuwa chombo cha kutisha na kubana. Fundisho linalorudiwa kila juma, kwa mpangilio ule ule, na mbele ya wakubwa wanaopima kama mwanafunzi amejibu sawasawa, linaweza kumfunga mtu badala ya kumzaa. Hapa tunakubaliana naye, ila tungeongeza jambo moja. Kilichoharibika hapo ni mwelekeo wa kitenzi, wala marudio yenyewe hayana kosa. Baba na mama wa kiroho wanapofundisha bila kufundishwa na watoto wao, -ana imerudi kuwa -wa. Mazoea yanayorudiwa na pande zote mbili ni jambo jingine kabisa.

5. Kiambishi kinachodharauliwa

Tumefika mahali ambapo Kiswahili cha Kivu kina la kuwafundisha wasomaji wa Kiswahili sanifu. Ili kutaja mazoea, Kiswahili sanifu kina kiambishi hu-: husali, husaidiana, husameheana. Kiambishi hiki kina tabia ambayo kila mwanafunzi wa sarufi anaijua, lakini ambayo haifikiriwi vya kutosha: hakikubali kiambishi cha nafsi. Husameheana inaweza kuwa ni sisi, ni ninyi, au ni wao. Lugha inataja desturi bila kumtaja mwenye desturi, mpaka kiwakilishi kiongezwe pembeni.

Msemaji wa Kivu, kama wasemaji wengine wengi wa Kongo, hutumia njia nyingine. Huweka -ak- kabla ya irabu ya mwisho wa kitenzi: tunaombaka, tunaendaka, wanaimbaka. Mara nyingi mwalimu wa shule huikata kwa kalamu nyekundu na kuiita kosa, au lugha ya sokoni. Lakini asili yake ni ya heshima. Lingala inayo -aka ya mazoea, Kinyarwanda kina -aga, na A. E. Meeussen, katika kazi yake ya mwaka 1967 juu ya sarufi ya lugha mama ya Wabantu, alionyesha kiambishi cha namna hiyo kuwa ni cha kale. Kilichopotea katika Kiswahili cha pwani kinaishi katika Kiswahili cha Kongo, kwa msaada wa lugha jirani.

Faida yake kwa mada yetu ni kubwa. Tuchukue neno tunasaidianaka, ambalo katika Masisi halimshangazi mtu. Tu- inataja nafsi: ni sisi tunaosema. -na- inataja wakati uliopo. -an- inasema kwamba jambo linakwenda pande zote mbili. -ak- inasema kwamba ni mazoea. Ahadi yote ya maisha mapya, pamoja na wenye kuiahidi, imeingia katika neno moja. Mtu anayesema "sisi husaidiana" amesema jambo sahihi kwa sarufi ya vitabu. Anayesema "tunasaidianaka" amejifunga ndani ya kitenzi chenyewe, na hawezi kujiondoa bila kuvunja neno.

Kwa hiyo tunapoandika ushuhuda wa watu wa Karuba au wa Walikale kwa ajili ya utafiti, kisha tukausafisha ili ufanane na Kiswahili sanifu, tunaondoa kitu kilichobeba maana. Tunabaki na sherehe, kwa kuwa "nilibatizwa" ni ile ile kila mahali, na tunapoteza mazoea. Upungufu ambao tumeuona kwa wanahistoria na wanaanthropolojia unaweza basi kuanzia mezani petu sisi wanaisimu, pale tunaponakili kanda.

6. Pingamizi

Msomaji makini atauliza: je, kauli ya kutendana ni njema kwa asili yake? La, hasha. Kuuana ni kutendana. Kuchukiana, kushtakiana, kulipizana kisasi, vyote vina -ana. Mwezi wa Machi 1993 vita vilivyoanzia Ntoto, katika Walikale, vilienea hadi Masisi, na watu waliokuwa wakiuziana maharagwe na maziwa walikatana kwa mapanga. Wengi wao walikuwa wamebatizwa, upande huu na upande ule. Tangu hapo milima hiyo imeona vita baada ya vita. Mwaka 2023 mapigano yalifika Karuba yenyewe, na wakazi wengi wakakimbilia kambi za pembezoni mwa Goma, mji ambao nao ulitekwa Januari 2025. Mtu anaweza kusema kwamba mbele ya mambo kama hayo, kuhesabu viambishi ni anasa.

Pingamizi hili ni zito, na sehemu yake moja tunaikubali: sarufi haimwokoi mtu. Lugha haijui kama kinachotendwa kwa zamu ni wema au ubaya. Lakini pingamizi hilo hilo linatia nguvu hoja yetu juu ya sherehe. Kama ubatizo peke yake ungetosha kumgeuza mtu, Masisi ingekuwa na amani tangu zamani, maana ubatizo haukukosekana. Kilichokosekana, au kilichovunjwa kwa makusudi na waliofaidika na vita, ni ile kazi ndogo ya kila siku ambayo haina tarehe wala picha: kutembeleana, kukopeshana mbegu, kuzikana. Vita vinapowatawanya watu, kitu cha kwanza kinachokatika ni -ak-. Waliokuwa wakisema tunasaidianaka hujikuta wakisema tulikuwa tunasaidiana.

Kuna pingamizi la pili, nalo ni la kitaalamu. Huenda mtu akasema kwamba ushuhuda ni utanzu wenye kanuni zake, kwamba kila msimulizi hurithi fomula ya "zamani nilikuwa hivi, sasa niko vile", na kwamba kwa sababu hiyo hatuwezi kuusoma kama kioo cha maisha. Ni kweli fomula ipo. Lakini katika fasihi simulizi fomula ndiyo inayotuwezesha kuona anayeizidi. Sehemu ya kwanza ya ushuhuda, yenye dhambi na siku ya kuokoka, hufuata njia iliyokanyagwa sana. Sehemu ya mwisho, inayoeleza maisha ya sasa, ndiyo msimulizi anapoachwa bila fimbo. Wengine huifupisha kwa sentensi moja na kuketi. Wengine huwataja majirani, madeni yaliyolipwa, magomvi ambayo bado hayajaisha. Ushuhuda wa namna hiyo ya pili ndio mhakiki anaopaswa kuutafuta, na kipimo chake tumekwisha kukitaja: je, kitenzi kimefika -ana, na je, msimulizi amejitaja ndani yake?

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Kitawala, Jamaa na Uamsho, pamoja na tofauti zao kubwa, zilisimuliwa kwa lugha inayomtoa mtu katika kutendwa na kumpeleka katika kutendana. Tumeonyesha pia kwamba uchunguzi unaoishia kizingitini hauwezi kuiona safari hiyo, na kwamba Kiswahili cha Kivu kina kiambishi kinachoitaja kwa usahihi kuliko Kiswahili cha vitabu vyetu. Kazi iliyo mbele ya idara za Kiswahili ni kukusanya shuhuda hizi kama zilivyosemwa, pamoja na -ak- zake, na kuzihifadhi wakati wasimulizi wangali hai. Wengi wao sasa wako mbali na vijiji vyao. Wakirudi, watawakuta majirani ambao waliachana nao kwa damu, na watalazimika kutafuta tena neno la kusemea maisha ya pamoja. Lugha yao inalo. Linalobaki ni kama sisi tutaliandika au tutaendelea kulikata kwa kalamu nyekundu.